Arobaini

Mwanangu alizaliwa kabla ya wakati wake,
usiku wa Noeli, mjini Lomża,
theluji ikijaa madirishani kama unga uliomwagika.
Gramu mia tisa na kumi.
Mkate wa mama mkwe wangu humshinda uzito.

Wakamtia katika sanduku la kioo.
Nikaambiwa: mtazame.
Mikono iliyoumbwa kubeba
ikafundishwa kukaa mapajani.

Leo ni tarehe mbili Februari, arobaini yake.
Leo Maria naye alitoka arobaini,
akapanda hekaluni na mtoto na njiwa wawili,
sadaka ya asiyemudu mwana-kondoo.
Miaka thelathini na moja nimeisikia Injili hii
nikidhani ni habari ya baraka na mishumaa.
Leo, nikiwa benchi la nyuma, maziwa yakilowesha blauzi,
nilisikia neno moja tu: alimtoa.

Alimtoa
mikononi mwa mzee asiyemjua,
mikono inayotetemeka,
na yule mzee, badala ya kusema hongera, mama,
akaanza habari za upanga.
Nani humwambia mzazi neno kama hilo
siku anayotoka ndani?

Genowefa, mama mkwe, alinipa mshumaa wa radi:
nta ya nyuki wa marehemu mumewe,
utepe wa kitani kiunoni.
Huwashwa ngurumo zikipiga.
Huwashwa mtu akikata roho.
"Ufikishe nyumbani haujazimika," aliniambia.
"Usiku wa leo Mama wa Mungu hutembea mashambani,
mbwa mwitu huwakimbiza kwa mwali kama huu."
Sikwenda nyumbani.

Nilivuka daraja, Narew imeganda chini yangu,
kiganja nimekikunja kuukinga mwali,
nta ikidondokea glavu ya sufu.
Upepo ulinipiga kikumbo mara mbili.
Mwali ukalala, ukainuka.
Mwanamume aliyekuwa akikwangua barafu kwenye gari lake
alivua kofia. Kwa ajili yangu
au kwa ajili ya moto, sikujua.

Mlangoni mwa wodi, Wiesława, muuguzi wa zamu,
akaniwekea mkono mbele.
"Hapana, mama. Humu mna oksijeni."
Hakusema kwa ukali.

Kilomita tatu nimeulinda,
na hewa inayomweka hai mwanangu
haiutaki moto wangu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo isemwavyo,
nami niliudhani ule wa usiku mmoja,
ule wa kupiga kelele na kuuma shuka.
Nilimwona Maria akishuka ngazi za hekalu
mtoto yuko tena kifuani,
uzito ule ule, shali ile ile,
ila sasa amemshika kama kitu cha kuazima,
vidole vimelegea kidogo.
Kidogo tu. Asidondoke.

Nikaupuliza mwenyewe.
Moshi ulinukia asali.
Wiesława aliupokea mshumaa,
akauchomeka mfukoni karibu na kipimajoto,
akasema: "Nawa mpaka kwenye viwiko.
Daktari amekubali. Leo atatoka kidogo."

Atatoka.
Neno hilo hilo.

Walimweka juu ya kifua changu kitupu
pamoja na mirija yake na kofia yake ya buluu,
kilo moja na nusu ya joto,
sikio moja limekunjika kama jani la kabichi.
Hakulia. Alipiga chafya.
Labda nywele zangu zilikuwa bado na moshi.

Nje giza liliingia saa kumi kama kawaida.
Genowefa, najua, alisimama dirishani
akiingoja nuru ipite langoni.
Nitamweleza kesho, au sitamweleza.
Nilianza kuhesabu pumzi za mwanangu,
nikafika thelathini na saba,
nikasahau kuhesabu.